Uwanja ni wa Umma, Fimbo ni ya Nani?

Tarehe 11 Aprili 2021, Hideki Matsuyama alishinda Masters kule Augusta, Marekani, kwa mkwaju mmoja tu, akawa mwanamume wa kwanza wa Kijapani kutwaa moja ya mashindano manne makuu ya gofu duniani. Mbeba mkoba wake, Shota Hayafuji, alirudisha bendera katika shimo la kumi na nane, akavua kofia, akauinamia uwanja. Picha ile ilizunguka ulimwengu mzima. Hata hapa Morogoro niliwasikia wasomi wakiisifu adabu ya Wajapani, kana kwamba mashindano yale yalishindwa kwa kuinama.

Adabu ni njema, ila haimfundishi mtu kupiga mpira. Matsuyama alifundishwa na baba yake tangu akiwa na miaka minne, akasoma sekondari ya Meitoku Gijuku, kisha Chuo Kikuu cha Tohoku Fukushi katika mji wa Sendai. Mwaka 2010 alishinda ubingwa wa ridhaa wa Asia, na tunzo yake ikawa mwaliko wa Masters. Majuma machache baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 kuiharibu Tohoku, kijana huyu wa miaka 19 alikwenda Augusta akiwa mwanafunzi, akamaliza wa kwanza kati ya wachezaji wa ridhaa. Ni mwaka 2013 tu ndipo alipoanza kulipwa. Shule, chuo, ridhaa, ndipo ajira: ngazi ile ilitengenezwa na watu, haikuota yenyewe.

Ngazi yetu sisi ni ipi? Wenzetu wa Kenya wametutangulia mbali. Kenya Open ilianza mwaka 1967. Mwaka 1998 Jacob Okello aliikaribia kabisa, akashindwa katika mchujo wa mwisho. Dismas Indiza, jina ambalo kila mpenzi wa gofu wa Afrika Mashariki analijua, ametoka Mumias, ambako uwanja ulikuwa wa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, naye aliingia mchezoni kwa kubeba mikoba ya wengine. Namheshimu mno. Lakini tunapoisimulia habari yake kama hadithi ya kutia moyo, tunasahau kuuliza kwa nini kijana Mwafrika alilazimika kuingia kwa mlango wa nyuma katika nyumba iliyojengwa juu ya ardhi yake.

Mlango huo una historia. Enzi za Waingereza klabu za jimkana zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia akiwa mtumishi au mbeba mkoba. Uhuru ulibadilisha orodha ya wanachama. Haukubadilisha njia ya mtoto wa mtaani kuufikia mchezo.

Namjua kijana mmoja aliyeanza kubeba mikoba akiwa darasa la sita. Katika viwanja vilivyo chini ya mlima macho humdanganya mgeni, yeye husimama nyuma ya mpira, akautazama Uluguru, kisha akamwambia mteja, “Mzee, usiuamini mteremko huu, mlima unausukuma mpira kuja huku.” Mzee husikiliza, mpira ukaingia, na ushindi ukaandikwa kwa jina la mzee. Nilimuuliza kama amewahi kushiriki mashindano ya vijana. Akacheka. “Mwalimu, fimbo zenyewe naazima.”

Najua nitakachoambiwa: gofu ni anasa, na mji ambao mabomba yake hukauka hauna sababu ya kujadili nyasi. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaniunga mkono bila kujua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake. Anayemiliki uwanja anamiliki haki ya kuutumia, tena kwa masharti. Ikiwa ekari nyingi katikati ya mji, pamoja na maji yake, zimetengwa kwa ajili ya mchezo mmoja, basi umma una haki ya kudai sharti moja zaidi: asubuhi mbili kwa juma, uwanja uwe wa wanafunzi na makedi, si kama watumishi bali kama wachezaji. Maafisa ardhi na maafisa michezo mnaosoma hapa, sharti kama hilo mnaweza kulianzisha nyinyi.

Na vyuo vyetu je? SUA ipo hapa hapa, Mzumbe si mbali, na Chuo Kikuu cha Waislamu kipo mjini. Tunao wataalamu wa udongo na wa nyasi. Hatujawahi kuwaza kwamba kedi mwenye kipaji anaweza kuwa mwanafunzi wetu.

Sisemi Wajapani ni malaika. Kasumigaseki, uwanja ule ule ambako Matsuyama alishinda ubingwa wa Asia mwaka 2010, haukuwapa wanawake uanachama kamili hadi mwaka 2017, nao ulikubali kwa shinikizo la Olimpiki. Kisa hicho nakipenda. Kinaonyesha kwamba klabu hubadilika pale anayeshika ufunguo wa juu anapotia sharti.

Huku juu ngazi imeanza kushushwa. Mwaka 2024 Afrika ilianzishiwa ubingwa wake wa ridhaa, na bingwa hupata nafasi ya kucheza The Open ya Uingereza. Wanawake wetu wametangulia: Madina Iddi wa Arusha ameshinda mashindano ya wazi nje ya nchi akiwa mchezaji wa ridhaa. Lakini huku chini, kati ya kijana yule na ngazi hiyo, hakuna shule, chuo wala ofisi ya serikali inayomjua kwa jina.

Ana miaka 22. Katika umri huo, mwaka 2014, Matsuyama alishinda Memorial kule Ohio. Jumamosi hii yeye atabeba mkoba wa mgeni kutoka Dar es Salaam.