Ukirithi Shamba, Rithi na Kesi Yake

Kuna biashara kubwa ya kutafuta mababu, na wateja wake wengi ni Wamarekani. Mtu anatema mate kwenye kichupa, anakituma kwa posta, anaambiwa yeye ni Mnorwe asilimia kadhaa, na jioni hiyo hiyo ashakuwa Mviking. Ananunua kofia yenye pembe, ambayo Waviking wenyewe hawakuvaa. Halafu anatafuta mtu wa kumwandikia historia ya familia. Hapo ndipo watu kama mimi huingia, tukiwa Nairobi na laptopu na bando ya usiku.

Sina shida na kutafuta mababu. Shida yangu ni kuwachagua kama nyanya sokoni: hii nyekundu weka, ile imepondeka rudisha.

Tuanze na sifa inayostahili. Norwe iliandika watu wake, hata wa chini kabisa. Sensa ya 1801 ilitaja kila mtu kwa jina. Vitabu vya kanisa vina ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi, hata nani alichanjwa ndui. Sensa ya 1865 inakwambia familia ilikuwa na ng'ombe wangapi na ilipanda viazi kiasi gani. Mengi ya haya yako kwenye Digitalarkivet, tovuti ya hifadhi ya taifa, bure kabisa. Kinachosumbua ni majina. Ole mwana wa Hans aliitwa Ole Hansen, na mtoto wake Nils akawa Nils Olsen. Nyuma yake lilifuata jina la shamba, kwa hivyo mtu akihama shamba, jina nalo linahama. Ni sheria ya 1923 iliyolazimisha familia zishike jina moja la kurithishana. Ukishaelewa hilo, njia inafunguka.

Na njia hiyo mara nyingi haifiki kwa mfalme. Inafika kwa husmann: mtu asiye na ardhi, aliyepewa kijumba na kipande cha kulima kwenye shamba la mwingine, akalipa kwa kumfanyia kazi mwenye shamba. Hapa kwetu, enzi za masetla, mtu kama huyo aliitwa skwota. Wengi kama hao, pamoja na wadogo wa wenye mashamba ambao hawangerithi kitu, ndio walipanda meli. Restauration iliondoka Stavanger mwaka wa 1825 ikiwa na watu wapatao 50. Katika miaka 100 iliyofuata, takriban Wanorwe 800,000 walivuka kwenda Amerika Kaskazini.

Mpaka hapo mteja anafurahi. Babu maskini anauza. Tatizo linaanza babu akishuka melini, kwa sababu lazima afike mahali, na mahali hapo palikuwa na wenyewe.

Chukua Minnesota, jimbo lenye watu wengi wa asili ya Norwe kuliko lingine lolote Marekani. Mikataba ya 1851 iliwabana Wadakota kwenye ukanda mwembamba kando ya Mto Minnesota. Mwaka wa 1862 malipo waliyoahidiwa yalichelewa, njaa ikaingia, vita vikalipuka. Masetla wengi waliuawa, Wanorwe wakiwemo. Tarehe 26 Desemba mwaka huo, wanaume 38 wa Dakota walinyongwa pamoja mjini Mankato. Mwaka uliofuata, Bunge la Marekani likawafukuza Wadakota kutoka jimbo hilo. Na ni 1862 hiyo hiyo ambapo serikali ilipitisha sheria ya kugawa ekari 160 kwa yeyote atakayekaa na kulima miaka mitano.

Sasa rudi kwa historia ya familia: "Babu alipata ardhi." Alipata wapi? Kwani ilikuwa imeanguka njiani?

Mteja mmoja alinirudishia rasimu akitaka aya ya Wadakota itolewe, ati hiyo ni siasa. Ng'ombe wa 1865 waliruhusiwa kubaki. Nilikataa, na nusu ya pili ya malipo sikuiona. Sawa. Lakini hebu mniambie: tarehe ya ubatizo ni historia, hati ya shamba ni siasa?

Jibu lao nalijua. Babu hakumfukuza mtu, alikuwa na njaa, alifuata sheria. Inawezekana kabisa. Simhukumu mzee wa 1870. Namuuliza mjukuu wake wa leo, mwenye kichupa cha mate na kadi ya benki. Huwezi kujivunia jasho ambalo hukulimwaga wewe, halafu ukiulizwa kuhusu shamba useme hukuwepo. Kama hukuwepo, basi hukuwepo kote.

Hata upande wa Norwe kuna kurasa zinazorukwa. Kwenye sensa za kaskazini utakuta mtu ameandikwa "lapp" au "finn". Mwenye haraka atadhani huyo wa pili ni Mfini. Hao ni Wasami, wenyeji wa kaskazini. Shuleni watoto wao walizuiwa kutumia lugha yao, na sheria ya 1902 ikataka ardhi ya serikali kule Finnmark iuziwe tu anayejua na kutumia Kinorwe. Familia nyingi zikaficha zilikotoka. Tume ya ukweli ilitoa ripoti Juni 2023, na Novemba 2024 Bunge la Norwe likaomba msamaha. Bunge zima limeusoma ukurasa huo, wewe unauruka kwa nini?

Kazi yenyewe si ngumu. Hati za ardhi iliyogawiwa na serikali kuu ya Marekani pia ziko mtandaoni bure, na unatafuta kwa jina la babu yule yule. Iweke hati kando ya kitabu cha kanisa. Andika jina la shamba alilotoka, na jina la watu waliotolewa pale alipofikia. Watoto wako wasome yote mawili.

Huku kwetu, mzee akifa, madeni yake hulipwa kwanza ndipo watoto wagawane. Jaribu kusimama mbele ya hakimu useme ng'ombe utachukua ila kesi ya mpaka haikuhusu, uone utajibiwa nini.