MASHAURI YA NYUMBA: Imvi na rangi ya pole

Mwezi huu tunajibu ulizo ambalo wamama wanatuuliza kisha ibada, na wababa wanaliuliza kwa kificho: Mukristo anaweza kupaka rangi ku imvi? Na akipaka, afanye namna gani asionekane sawa mutu aliyevaa kofia nyeusi?

Imvi inatoka wapi?

Unywele unapata rangi yake chini ya ngozi, ku muzizi. Pale kuna chembe ndogo sana zinazotengeneza rangi. Miaka ikipita zinachoka, na unywele unaota bila rangi. Ni hivyo tu. Imvi haileti ulozi, na mutu mwenyi imvi si mulozi kwa sababu ya kichwa chake. Soma Mithali 16:31: imvi inaitwa taji. Soma Walawi 19:32: kijana anaagizwa kusimama mbele ya muzee. Basi hakuna haya.

Lakini kupaka rangi peke yake si zambi pia. Ulizo la kweli ni hili: unapaka kwa sababu gani? Mu miji yetu ya migodi tunajua jambo moja. Mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi karibu 10,000 wa Gécamines walitoka kazini mu mpango ulioitwa «départs volontaires». Wengi walikuwa wamekwisha kutumika miaka mingi. Kisha hapo, wababa wenyi imvi walianza kutembea na karatasi mukononi, kuuliza kazi mupya pamoja na vijana. Baba akipaka rangi ili aonekane safi mbele ya mukubwa wa kazi, hatumuhukumu. Lakini akibadilisha mwaka wa kuzaliwa ku karatasi, pale uongo umeingia. Tena mwili wake haukupunguza miaka: akipewa kazi ya kijana chini ya udongo, ni mugongo wake ndio utalipa.

Rangi za namna tatu

Ya kwanza inatoka siku ya kwanza ya kuosha. Ya pili ni ya muda: haina amoniaka, inashika inje ya unywele tu, na inapunguka polepole, mara inne mpaka kumi na mbili za kuosha. Ya tatu ni ya kudumu: inaingia ndani ya unywele na haitoke. Unywele unaota karibu santimeta 1 kwa mwezi, basi kisha wiki chache utaona mustari mweupe chini na weusi juu. Kila mwezi unarudi kununua.

Kwa imvi tunashauri ile ya pili. Haifuniki imvi yote, na hiyo ndiyo faida yake: unywele mweupe unabaki mwangavu kidogo kuliko mwingine, na watu wanasema tu, «Mama, leo unaonekana muzuri!» bila kujua sababu.

Namna ya kuchanganya

Unywele mweupe ni sawa kitambaa cheupe: unaonyesha rangi vile iko mu chupa. Ukitia nyeusi tupu, inaonekana nzito, mara nyingine ya bulu. Ukitia ya kahawia tupu, inaweza kugeuka nyekundu. Ukitia ya majivu tupu, inaweza kuleta kijani. Ndiyo maana tunachanganya.

Soma namba ku kopo. Namba ya kwanza ni giza: 1 ni nyeusi, 3 «châtain foncé», 4 «châtain», 5 «châtain clair». Namba kisha nukta ni mwanga wake: .1 ni «cendré», ni kusema majivu; .3 ni dhahabu; .4 ni shaba nyekundu. Kwa imvi ukimbie .4, ila kama unataka wekundu.

1. Nunua rangi mbili za aina moja, za kampuni moja, zisizohitaji kuchanganywa na oksijene. Uchague nyangavu kidogo kuliko nywele zako. Kuongeza giza ni rahisi. Kuitoa ni taabu.

2. Mu sahani ya plastiki, si ya chuma, tia vijiko vitatu vya 4 na kijiko kimoja cha 4.1. Ukitaka pole zaidi, ongeza kijiko kimoja ao viwili vya krema nyeupe ya kulainisha nywele kisha shampo. Muzee ambaye kichwa chote ni cheupe aanze na 5 na 5.1, wala asitafute nyeusi ya ujana wake.

3. Jaribu kwanza ku nywele chache nyuma ya sikio. Ngoja dakika 10, osha, kausha, kisha angalia ku mulango, mu mwanga wa jua, si ku taa. Nywele zenyi maji zinadanganya: zinaonekana nyeusi zaidi.

4. Ukiridhika, paka vaseline ku paji la uso na masikio, vaa sashe ku mikono, na paka rangi pahali penyi imvi tu. Dakika 10 mpaka 20 zinatosha. Osha mpaka maji yatoke safi.

Andika vipimo mu kadaftari. La sivyo, mara ya pili utapata rangi ingine.

Kama umetia défrisant, ngoja wiki mbili. Unywele uliolainishwa unakunywa rangi haraka, basi punguza dakika.

Angalisho kubwa

Siku mbili mbele ya kupaka, tia tone moja la rangi nyuma ya sikio ao mu kiwiko, na uache saa 48. Ngozi ikiwasha ao ikivimba, acha kabisa. Fanya hivyo hata kama uliwahi kupaka bila shida, sababu mwili unaweza kukataa mara ya tano kile ulichokubali mara ya kwanza. Usipake hata kidogo ku nyusi wala kope: mutu anaweza kupoteza macho.

Tena kuna ule unga mweusi wa bei ndogo unaouzwa mu vipaketi ku soko. Mara nyingi ndani yake muna dawa inayoitwa PPD. Mu inchi za Ulaya sheria inakataza kupita asilimia 2 ya PPD ku kichwa. Ule unga wa kipaketi, nani amepima? Mutu akiumeza, uso na koo vinavimba, pumzi inafungika, na mafigo yanaharibika. Mu inchi kama Sudani, Moroko na Uhindi watu wengi wamekufa hivyo. Usiuweke karibu na chumvi ao sukari, wala mu chupa ya kinywaji. Mutoto akiumeza, kimbieni ku hospitali saa ileile, na mubebe kipaketi ili munganga akione. Musingojee mpaka asubui.

Na ninyi vijana

Nkambo yako akitaka rangi, usimucheke. Umusomee maandishi ya kopo, sababu ni madogo na macho yake yamechoka. Umuhesabie dakika. Na kama anapenda kubaki na imvi yake, umuoshe vizuri, umupake mafuta, na useme wazi mbele ya wengine kwamba ni nzuri. Wazee wengi wanaficha imvi kwa sababu sisi wenyewe mu nyumba tuliicheka wa kwanza.

Mungu abariki nyumba zenu.