Sashe ya Mulongwe, ndagala ya sahani

Sashe tunayotupa Mulongwe au Kalimabenge haiozi. Jua na mawimbi ya ziwa huikatakata mpaka iwe vumbi lisiloonekana. Lile dogo kabisa wataalamu huliita nano. Mwaka 2016 watafiti walitangaza habari ya sangala na tilapia walionunuliwa Mwanza, kwenye ziwa Victoria: mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni. Sangala tunampasua, matumbo tunatupa. Ndagala je? Tunamla mzima. Tena katika maabara nano imeonekana ikitoka tumboni mwa samaki na kuingia damuni. Msiwanyime watoto ndagala, mifupa yao inamhitaji. Ila salongo ijayo tuanzie mtoni, tuokote sashe kabla mvua haijazibeba.