Windows 10 ndo basi tena, kafe za Lushoto zifanyeje?

Wadau, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Tuzitupe? Hapana! Linux kama Debian ni bure, na leseni yake yenyewe inaruhusu kunakili.

Chukulia kafe ya Lushoto au Soni yenye mashine 10. Unashusha mara moja, bando haliishi. Unapanga mashine moja vizuri, kisha Clonezilla inanakili diski nzima kwenda zile 9.

Angalizo: diski inayopokea isiwe ndogo kuliko ya kwanza, na vyote vilivyomo vitafutika. Nakili kabla wateja hawajaigusa, la sivyo pasiwedi zao zitasambaa. Halafu kila mashine ipe jina lake.

Mnasemaje wadau?