Merian Hakuwa Bibi wa Maua

Zaidi ya miaka 300 tangu afariki Amsterdam mwaka 1717, Maria Sibylla Merian bado anatambulishwa kama mchoraji mwenye mkono mwepesi aliyependa vipepeo. Sifa hiyo ni dhuluma. Mama huyu alikuwa mwanasayansi, na aitwe hivyo.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1647. Akiwa na miaka 13 alikuwa tayari anafuga viwavi wa hariri, kisha viwavi wa kila aina aliowaokota: akiwalisha, akiwangoja, akiandika. Wasomi wengi wa Ulaya bado waliamini kwamba wadudu huzuka tu kwenye matope na uozo. Yeye aliliangalia yai likitoa kiwavi, kiwavi akijifungia kifukofuko, nondo akitoka. Kitabu chake cha mwaka 1679 kiliziweka hatua hizo zote pamoja, juu ya mmea uleule anaoula mdudu huyo. Hiyo ni ikolojia, kabla haijapata jina.

Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, aliuza michoro yake 255 akapata nauli, akapanda meli na binti yake Dorothea kwenda kuchunguza wadudu Suriname, koloni la Waholanzi. Walowezi walimcheka: atafutaje kitu kingine wakati kuna sukari? Maradhi yalimrudisha mwaka 1701. Miaka minne baadaye akatoa kitabu chenye picha 60 ambazo mwanasayansi Linnaeus mwenyewe alizitegemea kuainisha viumbe.

Na shukrani? Katika makala iliyochapishwa mwaka 1834, mchungaji Lansdown Guilding, ambaye hakuwahi kukanyaga Suriname, alikishambulia kitabu hicho akitumia toleo la baada ya kifo cha mwandishi. Picha ya buibui anayekula ndege ilidhihakiwa kuwa uzushi. Ilibidi mwanasayansi Henry Walter Bates aandike mwaka 1863 kwamba kule Amazon alimkuta buibui na ndege wawili aliowanasa, ndipo watu wakanyamaza. Ndiyo, Merian alikosea mahali: aliwachanganya siafu na chungu wakata majani. Ni mwanasayansi gani wa zama zake hakukosea? Wanaume walisahihishwa, yeye alizomewa.

Ila haki ninayomdai haiwezi kuishia kwake. Huko Suriname alihudumiwa na watumwa, Waafrika na wenyeji. Ndio waliomfyekea njia msituni, ndio waliomletea mabuu na kumweleza matumizi ya mimea. Aliandika, bila kuficha, kwamba wanawake watumwa walitumia mbegu za mmea mmoja wa maua mekundu na manjano kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Alimchukua mwanamke mwenyeji hadi Amsterdam. Hakutaja jina la hata mmoja wao.

Makumbusho yanayojivunia picha hizo yaandike ukutani, kwa herufi kubwa sawa na za jina la Merian, kwamba maarifa haya yalitoka pia kwa watu waliokuwa wakimilikiwa.