Mastaa, Acheni Kutuuzia Kelele: Gari la Sport Kuukuu Linaanza na Breki

Haya wadau, mambo ya nani kaachana na nani tuyaweke pembeni leo. Kuna jambo limenikera muda mrefu, na nikiendelea kukaa nalo moyoni nitapasuka. Ni hawa mastaa wetu na magari yao ya sport.

Mjini hapa kuna msanii, jina kapuni, ambaye kila baada ya miezi michache anaposti "mnyama mpya". Mara ya mwisho mnyama alikuwa Toyota Altezza. Rangi imepigwa juzi, rimu kubwa zinang'aa, springi zimekatwa mpaka gari linataka kulamba lami, na ekzosi ukiwa Sinza unaisikia ikiwa Mwenge. Chini ya picha sifa hazihesabiki: baba lao, moto wa kuotea mbali, hawamuwezi. Miezi minne baadaye mnyama haonekani. Ukiulizia unaambiwa ameshauzwa kwa shabiki, dogo mwenye kibanda cha simu, tena kwa bei ya juu kwa sababu eti ni "gari la staa". Wiki ya tatu dogo kagundua injini inachemka. Sasa hivi gari liko gereji, hedi imefunguliwa, na mtaji wa simu umeishia kwa fundi.

Yupo na mchekeshaji mmoja, naye jina kapuni, mwenye Mazda RX-8. Majirani wanasema gari lile huwashwa kwa ajili ya video tu: linaunguruma dakika moja, linazimwa, linafunikwa turubai. Sasa injini ya RX-8 haina pistoni za kupanda na kushuka, ina rota zinazozunguka, na mojawapo ya vitu inavyovichukia ni hicho hicho. Ukiiwasha ikiwa baridi ukaizima kabla haijapata moto, petroli inaloweka plagi, na kesho yake inaweza kugoma kabisa kuwaka. Halafu mtu huyo huyo ndiye anawafundisha vijana "jinsi ya kumiliki mashine". Jamani!

Nasema bila kumung'unya maneno: kwenye gari la sport kuukuu, shilingi ya kwanza ni ya breki, matairi na mfumo wa kupoza injini. Anayeanza na rimu na ekzosi ananunua makofi. Na anayemuuzia mwenzake gari la namna hiyo huku akijua lilivyo, huyo ni tapeli hata kama ana wafuasi milioni.

Msinielewe vibaya, magari haya nayapenda, ndiyo maana naumia. Chukua hiyo Altezza. Toyota waliitoa Japan mwaka 1998, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japan ya 1998–1999, na nje ya Japan ikauzwa kama Lexus IS. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ile yenye injini ya 3S-GE, ambayo Yamaha walishiriki kuitengeneza, ikiwa na gia sita za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Hata taa zake za nyuma ziliigwa duniani mpaka taa za mtindo ule zikaitwa kwa jina la gari lenyewe. Lakini utengenezaji wake uliisha 2005. Maana yake Altezza changa kuliko zote mjini imeshavuka miaka 20. Bushi zimelegea, hozi zimekauka, mikanda imechoka. Mzee wa namna hii humkaribishi nyumbani kwa kumvalisha miwani ya jua, unampeleka kwanza akapimwe presha.

Na hapo hapo kuna kichekesho kingine. Kuna Altezza yenye injini ya 1G-FE, silinda sita, farasi 160. Ni injini nzuri, tulivu, ila siyo ile ya farasi 210. Bodi ni moja. Mtu anabandika nembo ya RS200, anafunga ekzosi ya kelele, na shabiki analipia jina. Kaka, fungua boneti, soma aina ya injini, linganisha na kadi ya gari. Ni dakika mbili tu, lakini vijana wanaona aibu kufungua boneti ya staa!

Tuje kwenye huko "kuboresha" kwenyewe.

Kwanza, springi za kukata kwa grainda. Ukikata springi, shokapu haina tena nafasi ya kufanya kazi yake. Tuta dogo tu, gari linagonga chini na tairi linaruka. Tairi likiwa hewani, hakuna breki wala usukani utakaokusaidia. Ukitaka gari lishuke, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo pamoja na shokapu zake. Huna hela? Liache lilivyo. Kwa barabara zetu, Altezza ya kimo cha kiwandani inamuacha mbali mwenye springi za kukata, kwa sababu yeye kila tuta analivuka kiupande-upande kama kaa.

Pili, thamostati. Hii ni dhambi ya mafundi wengi na mastaa wanaibariki. Gari likichemka, fundi anang'oa thamostati anasema "hizi ni za nchi za baridi". Mwongo. Thamostati kazi yake ni kuifanya injini ifike kwenye joto lake sahihi haraka na ikae hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaongeza petroli, injini inakula mafuta na kuchakaa upesi. Kibaya zaidi, kuitoa kunaficha ugonjwa. Rejeta imeziba, lakini siku ya kuonyesha gari mshale wa joto umelala chini kama mtoto mwenye adabu. Unalipa, unaondoka, unaingia foleni ya Buguruni saa nane mchana, ndipo unaanza kuita jina la mama yako. Rejeta safi, mfuniko wake mzima unaoshika presha, feni zinazozunguka, na kulanti badala ya maji ya bomba, hayo ndiyo maboresho ya kwanza ya injini yenye miaka 20. Hayapendezi kwenye picha, lakini ndiyo yanayokufikisha Morogoro.

Tatu, masega. Yanang'olewa kwenye ekzosi kwa maelezo kwamba "yanabana nguvu". Ndani ya masega mna madini ya platini na paladi, ndiyo maana wapo watu wanayatafuta na kuyanunua. Wewe unabaki na moshi, harufu, na taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi mpaka mjanja mwingine aizime kijanja. Sauti imeongezeka kweli. Nguvu uliyoipata ni ya masikio.

Nne, matairi. Nimeona rimu za bei mbaya zimevalishwa matairi ya mtumba. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Isome kabla hujatoa hela. Mpira ukizeeka unakuwa mgumu, na kwenye lami yenye mvua unateleza kama sabuni, hata kama kashata bado zinaonekana. Na mafuta ya breki nayo yana umri: yanavuta unyevu taratibu, na breki zikipata moto sana yanachemka, pedali inazama mpaka chini. Kila miaka miwili yabadilishwe. Gharama yake haifiki hata kwenye kivuli cha bei ya rimu.

Najua mtakuja na lile jibu lenu: wivu tu, hela zake, mwache ale ujana. Sawa, hela zake. Angekuwa anakaa nalo ndani ya geti lake nisingeandika hata mstari mmoja. Lakini barabara ni yetu sote, na dogo anayemuiga hana hela ya kukosea mara mbili. Yule staa gari likifa anapanda lingine la kuazima, maisha yanaendelea. Mwenye kibanda cha simu likifa amekwisha. Tena afadhali life gereji kuliko life konani na abiria watatu ndani.

Wengine mtasema gari bila mbwembwe halina thamani. Thubutu! Marekani sheria yao inafungua mlango kwa gari lililofikisha miaka 25, kwa hiyo Wamarekani nao sasa wanagombania magari ya Japan ya miaka ya tisini. Na wanachokitafuta zaidi ni gari lililo salama, lenye vitu vyake vya kiwandani. Sisi huku tunachukua grainda.

Basi kama moyo wako umeangukia hapo, mdogo wangu, nunua, ila nunua kwa akili. Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusiwa na kutozwa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo kukagua ni juu yako. Kama linaagizwa Japan, dai karatasi ya mnada, na ukiona daraja R ujue lilishagongwa likatengenezwa. Kama ni la hapa hapa, nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta: ukikuta uchafu kama maziwa na chai, aga uondoke. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu, inakula oili. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, gasketi ina maneno. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na ukikosa jibu, hesabu kwamba haujabadilishwa. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Na katika hela uliyonayo, theluthi moja usiiguse siku ya kununua. Hiyo ni ya kwenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta spea.

Nanyi mastaa, mnatuonyesha kila kitu: viatu, saa, mpaka chai ya asubuhi. Siku moja basi posti risiti ya breki. Hiyo nitailaiki.

Anayebisha atiririke hapo chini, ila aje na hoja, na atuambie tairi zake ni za mwaka gani.