Kangomba ya Muziki

Msimu wa korosho ukiingia, Tandahimba nzima, mkoani Mtwara, hutega sikio redioni: mnada wa leo umefikia bei gani? Mkulima anasubiri bei tu, maana kilo zake anazijua. Zilipimwa kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zikaandikwa kwa jina lake, zikaingia ghalani. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara mwaka 2007, na lawama zake ni nyingi, hasa malipo yanapochelewa. Hata hivyo, anayedai anadai akiwa na karatasi mkononi. Aliyeuza kwa kangomba, kwa kipimo cha mlanguzi na bei ya mlanguzi, hana pa kudaia.

Baada ya bei kutangazwa, redio hiyo hiyo hupiga muziki. Huo nao nani anaupima?

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye wimbo haki ya kulipwa wimbo wake unaporushwa hewani. Januari 2022, COSOTA, taasisi ya hakimiliki, iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa kazi zilizopigwa redioni. Pongezi zilikuwapo, na mabishano pia: fulani kapataje kumzidi fulani? Hilo ni swali la mizani.

Wapo wanaoamini kwamba redio ya kidijitali italijibu. Tusiharakishe. Norway ilizima FM ya vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017, ikalazimu watu kununua vipokezi vipya. Sisi tulionja ving'amuzi runinga ilipoanza kuhama analojia mwishoni mwa 2012. Huku uwandani, redio ya wengi ni simu ya batani yenye FM ndani yake, inayoning'inizwa kwenye mkorosho wakati wa kuokota. Kuizima FM ni kumnyamazishia mkulima mnada wake.

Dijitali tunayoihitaji kwanza ni ya studio, na kompyuta tayari ipo. Kinachokosekana ni maandishi. Mtangazaji anachomeka flashi, anapiga faili lililoandikwa "Track 05", wimbo unakwisha, na hakuna mahali palipobaki jina la mwimbaji wala mtunzi. Programu za kutambua nyimbo kwa sauti zipo, lakini hutambua tu kilichosajiliwa. Staa wa Dar es Salaam atahesabiwa. Kikundi cha ngoma ya sindimba kilichorekodiwa hapa hapa kitapigwa mwaka mzima bila kuonekana popote.

Wenye vituo vidogo nao wana kilio cha kweli. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya misiba na mikutano kina ada ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, bili ya umeme na mafuta ya jenereta, kisha kinadaiwa mirabaha. Basi ada ilingane na mapato ya kituo, na usajili wa kazi za wasanii usogezwe hadi wilayani. Lakini ufukara wa kituo hauzuii kuandika jina la wimbo.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mtangazaji wa Masasi, Newala au Tandahimba, kabla hujapandisha wimbo wa kwanza kesho asubuhi, badilisha jina la lile faili: andika nani kaimba, nani katunga, wa wapi. Msanii naye atakuwa na karatasi ya kudaia.